Kanga Juu ya Tangi

Jumatatu, 23 Juni

Nimeongeza maji kwenye tangi la samaki wa baharini. Jagi moja na kidogo. Maji ya kuchujwa, yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachokauka ni maji, chumvi inabaki. Nimefuta kioo. Nimewapa samaki chakula. Hii ilikuwa kazi ya Hashimu kila asubuhi kabla ya chai. Sasa ni yangu. Chai yenyewe naisahau.

Leo pia sijalia. Wifi yangu Zuhura anahesabu, najua. Alitoka Tanga kuja kumzika kaka yake na amebaki mpaka arobaini ipite. Wanawake wanakuja kutoa pole, wananitazama machoni, wanakuta pakavu, wanamtazama Zuhura. Zuhura anatazama mkeka.

Niko ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi, sitoki, sijipambi, sijipaki manukato. Kwao Zuhura wanafunika na vioo, mjane asijione sura. Alifunika kabati la chumbani siku ile ile ya mazishi, akafunika kioo cha bafuni, akafunika na televisheni. Sijui kama imeandikwa popote. Mke wa ustadhi anasema haikuandikwa. Nimekubali tu. Mimi ni Msukuma wa Nkololo, Uislamu niliingia kwa ndoa. Kubishana na watu wa pwani juu ya dini niliacha zamani.

Mchana simu ya Hashimu imelia. Kumbe bado ilikuwa kwenye chaji. Aliyepiga alikuwa muuza samaki wa mapambo wa huko Tanga, Bwana Kombo. Anasema mzigo wa Hashimu umeshapanda basi. Hakuwa na habari. Nikampa habari. Akasema basi limeshaondoka.

Jumanne, 24 Juni

Masanja kaleta boksi. Masanja ni fundi wetu, ndiye anayeshika duka letu la spea za pikipiki tangu Hashimu aondoke. Kaliweka kizingitini, kageuza mgongo, kanipa pole akiwa ameelekea barabarani. Anakohoa. Ni msimu wa pamba, malori yanapita mbele ya duka mchana kutwa, nyuzi zinaruka.

Ndani ya boksi kuna mfuko wa maji. Ndani ya maji kuna kitu cha kahawia, laini, kimejikunja kama utumbo uliooshwa. Jina lake anemoni. Hashimu alikuwa anasema ua, ingawa ni mnyama, tena ana mdomo. Aliliagiza kwa ajili ya wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Huko baharini wanalala ndani ya ua kama hili. Hapa wamelala miaka yote kwenye pembe, wamejibana na hita ya maji. Hashimu alikuwa akiwaonea haya. "Nimewaoza, nikawanyima kitanda," alikuwa akisema.

Kombo alisema lisitumbukizwe. Lizoeshwe maji ya hapa tone kwa tone. Hashimu alikuwa ameweka mpira wa dripu kwa kazi hiyo, mpya, bado uko kwenye karatasi yake. Nimeuning'iniza kwenye msumari wa kalenda. Nimekaa mchana mzima nikitazama matone. Nimeshakaa hivi, wodini. Dripu ile nayo ilikuwa inadondoka vizuri tu.

Jioni nimeliweka juu ya jiwe la katikati. Nimezima pampu ili likamate. Halikukamata.

Jumatano, 25 Juni

Limejikunja. Limetema uchafu wa kahawia. Naona limekuwa dogo kuliko jana.

Nilitaka kumpigia Kombo. Zuhura anasema mjane haongei na mwanamume wa nje. Basi simu akashika mama yangu. Mayu, ndivyo tunavyoita mama kwetu, yuko hapa tangu msiba, alikuja na kuku wake wawili na kiti chake kidogo. Kiswahili chake ni cha mnadani. Kombo naye anaongea cha Tanga, kimenyooka kama rula. Walipiga kelele pande zote mbili kana kwamba kutoelewana ni uziwi.

"Mdomo wake u wazi au umefumba?" Kombo aliuliza.

Mayu akainama kwenye kioo. "Umefumba. Amenuna."

"Basi mwache. Asishikwe, asivutwe. Atatembea mwenyewe hata apate mahala pake. Akishajishika ukamvuta, atachanika. Ila mkiona mdomo umeachama na maji yananuka, mtoeni upesi. Akifia humo, ataua vyote."

Vyote. Wale samaki Hashimu aliwapata wadogo kama ukucha.

Mayu alikata simu akaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, si ni ng'ombe mgeni huyo? Ng'ombe mgeni haswagwi. Anaachwa anuse zizi." Halafu akaenda kulitupia ua dagaa mkavu. Ua lililala vile vile. Dagaa nimemtoa kwa kijiko.

Ijumaa, 27 Juni

Limekamata jiwe. Limefunguka. Pana kama sahani ya chai, mikono mingi minene, ncha zake zinaelekea rangi ya zambarau. Inacheza na maji. Samaki wanachungulia kutoka kwenye hita na hawasogei.

Ni zuri. Naandika hivyo kwa sababu naona ni zuri. Sijisikii chochote.

Wanawake wa leo walisahau kunipa pole. Walisimama mbele ya tangi wakisema mashallah, mashallah. Zuhura hakupenda. Mmoja akanionyesha kwa kidole akasema, "Na Mariamu anaonekana humo kama kwenye kioo." Hapo Zuhura aligeuka akaangalia tangi kwa mara ya kwanza tangu aje.

Jumapili, 29 Juni

Nilikuwa nachambua mchele. Zuhura na Mayu walikuwa wananigawana.

Zuhura: eda ikiisha nitakwenda naye Tanga, kuna chumba, mke wa kaka yangu hawezi kuachwa peke yake ugenini. Mayu: ugenini wapi, Nkololo ni pua na mdomo, mtoto anarudi kwao. Zuhura: na duka? Mayu: duka atapewa Masanja alikodi. Walikuwa wanaongea kwa adabu sana. Dada, mama, dada, mama. Hakuna aliyeniuliza. Mimi na Hashimu hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo hakuna kinachonifunga popote, ndivyo wote wawili wanavyofikiri.

Mchele ulikuwa na mawe mengi.

Jumatano, 2 Julai

Kesho arobaini. Zuhura amelifunika tangi.

Alitumia kanga yake ya msiba, akaibana juu kwa vibanio vya nguo. Maandishi yamekaa kichwa chini. Alisema wageni wanakuja kusoma, si kutazama mapambo, tena kioo ni kioo hata kikiwa na maji. Itabaki hivyo mpaka eda iishe. Aliongea kwa upole. Alinishika na bega.

Mwanga ni chakula cha ua. Kombo alisema, Hashimu alisema, mimi mwenyewe najua. Lakini nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kusema "wifi" kulikuwa kazi. Nikaenda kumenya vitunguu saumu.

Alhamisi, 3 Julai

Arobaini. Watu wengi. Pilau ilitosha. Wamesoma vizuri. Mguu uliniuma kwa kukaa.

Ijumaa, 4 Julai

Nimeinua kanga upande mmoja wakati Zuhura anaswali. Ua limeachia jiwe. Limekuwa kama soksi. Mdomo umeachama kidogo, naona ndani, weupe. Nimenusa maji. Bado ni harufu ya bahari tu.

Nimeiteremsha kanga.

Kwa nini nimeiteremsha? Nimekaa na swali hilo jioni yote. Sina hasira na Zuhura. Sina hasira na mtu. Ni kama mikono si yangu.

Jumamosi, 5 Julai

Asubuhi pampu ilikuwa inalia vibaya. Inakoroma, inakata, inakoroma. Mayu ndiye aliyesikia. Alikuja chumbani akasema, "Kitu chako kinasongwa."

Kanga ile ni fupi. Upande wa kulia haifiki chini, kuna mwanya wa kiganja, na dirisha liko upande huo. Ua lilitembea gizani kuufuata ule mwanya. Lilipofika ndipo pampu inaponyonyea maji. Pampu ikalishika.

Nilichomoa waya. Vipande vya mikono vilikuwa vinaelea, vyeupe, kama nyuzi za malori. Samaki wamejificha nyuma ya hita. Zuhura alitokea mlangoni na kanzu yake ya kuswalia akasema, polepole, "Litupe tu, wifi. Limeshakufa. Na hili tangi tutalitafutia mtu."

Niliishika kanga nikaivuta. Vibanio viliruka. Kimoja kilimpiga Mayu kwenye goti.

Nikajiona.

Nilikuwa sijajiona tangu siku ya mazishi. Mtu wa makamo, mashavu yameingia ndani, mtandio umekaa upande. Nilidhani kuna mtu kasimama nyuma ya tangi. Ilinichukua muda kujua ni mimi. Sura ilikuwa shwari kabisa. Nikaelewa kwa nini wale wanawake wananitazama vile.

Nikasema, na nilisema bila kugeuka, "Wifi, hiki ndicho kitu cha mwisho kaka yako alichokiagiza. Nimeshazika mmoja. Tangi hili halifunikwi tena."

Zuhura alikwenda uani. Nilimsikia akilia kule kwenye karo, kilio kikubwa, cha mtu aliyekizuia tangu mazishi ili nilie mimi kwanza. Mayu alimfuata na maji ya kunywa.

Mimi nilikuwa na mkono ndani ya tangi mpaka kwenye bega, nimeshikilia pampu iliyozimwa, nangoja ua lijitoe lenyewe. Sikulivuta. Lilijitoa adhuhuri. Likaanguka mchangani.

Jumapili, 6 Julai

Zuhura ameondoka na basi la alfajiri. Ameikunja kanga akaiacha juu ya kiti. Ameniambia, "Nitarudi eda ikiisha. Uwe umefungasha." Alinikumbatia. Ana harufu ya udi na Vaporub.

Ua bado liko mchangani. Halijifungui. Nimenusa maji mara nyingi. Hakuna kitu.

Jumanne, 8 Julai

Sasa tunanusa kwa zamu. Mayu anasema pua yake ni ya maziwa, inajua kitu kinapoanza kugeuka kabla hakijageuka. Anafunga macho, anainama juu ya tangi, ananusa, anasema, "Bado mzima." Kisha anaendelea kufagia.

Nimebadilisha sehemu ya maji. Nimechanganya chumvi ya tangi aliyoiacha Hashimu, ndoo ya mwisho. Pampu nimeifunga mdomo kwa sponji mpya ya kuoshea vyombo, nimeikaza kwa uzi. Hashimu angeifanya vizuri zaidi. Angepiga mluzi akiifanya.

Mdomo bado umeachama. Nimeandaa beseni na kijiko kikubwa, viko hapo chini ya meza. Nikiambiwa linanuka nalitoa. Sitaki kulitoa. Hilo nalijua, na ni kitu cha kwanza ninachokijua wazi tangu Mei.

Alhamisi, 10 Julai

Mayu amenusa mara mbili. Mara ya pili alikaa muda. Nilishika beseni.

"Ni mimi," akasema. "Nimekula kitunguu."

Nikacheka. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine, mbaya, kavu. Mayu alinitazama kama anayemwona ng'ombe amesimama baada ya kulala siku nyingi. Ameenda kuchinja kuku wake mmoja.

Jumatatu, 14 Julai

Limetembea. Jana lilikuwa mchangani, leo liko kwenye kioo cha mbele, chini kidogo ya katikati. Limebandika unyayo wake pale, nauona kutoka huku nje, mviringo wa rangi ya machungwa mabovu. Mdomo umefumba.

Ni mahali pabaya. Hapana jiwe, hapana uzuri wowote, kioo hakitasafishika tena. Hashimu alikuwa amelitengea jiwe la katikati, akalichongea na kishimo. Nimemwomba Mayu ampigie tena Kombo. Kombo kamwambia, mwambie mwanao asiguse, mwenyewe kapenda.

Nikikaa kwenye kiti changu sura yangu inakaa juu ya ua. Nimejaribu kusogeza kiti. Nikakirudisha.

Jumatano, 23 Julai

Limefunguka nusu. Upande uliokatwa una visiki vifupi. Vinakua.

Naogopa. Nilikuwa siogopi wiki zote zile. Umeme ulipokatika leo mchana nilikimbia kuangalia kama betri ya sola ya pampu imeshika, nikajigonga mlangoni. Ilikuwa imeshika. Nimekaa sakafuni nikishika goti. Nimechukia kuogopa. Kule kutojisikia kulikuwa na nafuu yake.

Jumamosi, 9 Agosti

Mji umejaa watu wa Nanenane. Nawasikia tu. Mayu alinunua sato sokoni. Nimekata kipande kidogo kibichi, kama punje ya hindi, nikakisogeza kwa kibano. Mikono ilikishika. Ikakipeleka mdomoni taratibu, bila haraka. Kikaingia.

"Kumbe dagaa wangu hawafai," Mayu alisema. Amenuna kweli.

Yule samaki mkubwa, jike, alikuja mpaka ukingoni. Aligusa mkono mmoja kwa tumbo, akaruka, akakimbilia hita. Dume halikuthubutu kabisa.

Jumanne, 26 Agosti

Mayu amerudi Nkololo. Anasema shamba halijilimi. Nilingoja aniulize nitakuja lini. Alisimama mbele ya tangi na mzigo wake kichwani, akalitazama ua pale lilipojibandika, akabonyeza kioo kwa kidole.

"Hilo halitoki," akasema.

"Halitoki."

"Haya. Wabeja, ng'wanone. Kula." Akashukuru hivyo kwa Kisukuma, akaenda. Kuku wa pili kaniachia, na kile kiti chake.

Ijumaa, 12 Septemba

Nyumba iko kimya. Pampu tu. Masanja anakuja mlangoni kila jioni kuniambia habari za duka akiwa amenipa mgongo. Leo alisema mteja kauliza mnyororo wa aina fulani, na yeye hajui Hashimu alikuwa akiuagiza wapi. Nikamwambia. Akauliza kingine. Nikamwambia na hicho. Sikujua kama nayajua.

Samaki jike analala karibu na ua sasa. Si ndani. Karibu.

Jumatatu, 29 Septemba

Eda imeisha. Nimeoga, nimeswali, nimevaa gauni la kijani.

Zuhura amefika asubuhi, miguu imevimba kwa safari. Kabla ya kunywa chai alizunguka nyumba akifunua vioo. Kabati, bafuni, televisheni. Alinisimamisha mbele ya kabati ili nijione, kama wafanyavyo kwao. Nilijiona. Hapakuwa na jipya. Nimekuwa nikiiona sura hiyo kila siku tangu Julai, ina ua kidevuni.

Akauliza, "Umefungasha?"

"Sijafungasha, wifi."

Aliangalia chumbani. Aliona nguo ziko kwenye kabati. Akaja sebuleni akakaa kwenye kiti cha Hashimu, mbele ya tangi. Nilikuwa nimejiandaa na maneno. Nilikuwa nayo mengi. Zuhura hakuyangoja, alikuwa ameinama, anatazama. Samaki wote wawili walikuwa ndani ya ua, wamejilaza kati ya mikono, jike ubavu, dume kichwa nje. Tangu Alhamisi wako humo. Ile pembe ya hita iko tupu.

"Wamepata kitanda," Zuhura alisema.

Sikumbuki kumsimulia maneno yale ya Hashimu. Lazima alimpigia simu akamwambia mwenyewe.

Aliuliza wanakula nini. Nikampa kibano na kipande cha sato, nikamwonesha. Akadondosha, jike likadaka. Akauliza kama kesho anaweza kujaribu tena kabla hajaondoka. Ataondoka kesho. Peke yake. Hakulisema hilo, aliuliza tu basi la Tanga linapita saa ngapi, na kama Masanja anaweza kumkatia tiketi moja.

Sasa amejilaza, amechoka na barabara. Amelala upande wa Hashimu bila kujua. Anakoroma. Anavuta, anakata, anapuliza, sawasawa na kaka yake.

Nimesimama mlangoni nikasikiliza. Nimelia. Si kwa sauti, lakini nimelia, mpaka ukosi wa gauni umelowa.

Kesho nafungua duka mwenyewe.

Maji ya tangi yalikuwa yamepungua. Nimeongeza jagi moja.